Gesi ya Aliso Canyon: nilichokiona nikiwa Porter Ranch, na serikali ilichofanya

Wakuu, mwenzetu ameuliza hivi: gesi ilipovuja kwenye hifadhi ya Aliso Canyon, yaani ghala la gesi la chini ya ardhi kule California, serikali ilifanya nini hasa, na kwa nini dunia nzima ilizungumzia mazingira ilhali hakuna nyumba iliyolipuka? Waliomjibu wamezungumzia fidia tu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nafanya kazi ya kumhudumia bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, nikilala nyumbani kwake Porter Ranch, kaskazini mwa jiji la Los Angeles, chini kabisa ya ile milima. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Mwishoni mwa Oktoba 2015, upepo wa usiku ulianza kushuka na harufu ya mayai viza. Nilidhani ni jiko, nikakagua kila kitufe chake. Asubuhi bibi akaamka kichwa kinamgonga na tumbo limemchafuka. Siku ya tatu nikamkuta ameinama sinki ya bafuni, damu zinamtoka puani. Nilipopiga simu kuuliza niliambiwa ni harufu tu, haina madhara ya kudumu. Nikafunga madirisha, nikaziba upenyo wa milango kwa taulo mbichi.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa, na naona wengi humu bado hawajalielewa. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haina harufu wala rangi. Kinachonuka ni merkaptani, dawa inayochanganywa makusudi ili gesi ikivuja watu washtuke. Kwa hiyo pale mlimani palikuwa na mvujo wa aina mbili ndani ya mmoja. Wa kwanza ulinuka, ukaumiza majirani, ukapata watu wa kupiga kelele. Wa pili haukunuka, ulipanda juu na kusambaa duniani, na hakukuwa na mtu wa kuamka usiku kwa ajili yake. Ukitaka kuipima serikali ile, ipime kwa yote miwili.

Mvujo ule wa kwanza waliushughulikia, ingawa kwa kusukumwa. Gesi iligunduliwa inatoka tarehe 23 Oktoba. Tarehe 19 Novemba idara ya afya ya kaunti ikaagiza kampuni yenye hifadhi iwape wakazi makazi ya muda bure. Sisi tulihamia Desemba, fleti ndogo mbali na pale, bibi akilia kwa sababu ameacha mti wake wa malimau. Familia zilizohama zilipita 8,000. Shule mbili zilifungwa na watoto wakapelekwa kwingine baada ya likizo ya Krismasi. Tarehe 6 Januari 2016 Gavana Jerry Brown akatangaza hali ya dharura. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miezi miwili. Sisi tulioishi kule tuliziona siku hizo ni nyingi mno, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili kauli hiyo.

Huu wa pili ulijulikana ukubwa wake kwa sababu ya mtu mmoja mwenye ndege ndogo. Stephen Conley, mwanasayansi na rubani wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alikuwa na mkataba na jimbo wa kutafuta methani inayovuja kwenye miundombinu ya gesi. Tarehe 7 Novemba akaruka kukatiza upepo unaotoka mlimani, akapata vipimo vikubwa kiasi cha kushuku kwamba chombo chake kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Katika kilele chake, kisima kimoja kilikuwa kinatoa karibu tani 60 za methani kwa saa, na uchafuzi wa methani wa bonde zima la Los Angeles ukawa umeongezeka maradufu. Hadi kinazibwa Februari, baada ya siku 112, utafiti wake na wenzake ulikadiria tani 97,100. Huo ndio mvujo mkubwa kuliko yote iliyowahi kurekodiwa Marekani kutoka hifadhi ya gesi.

Mnaouliza "tani 97,100 ni nini kwa dunia nzima", angalieni tabia ya methani. Haidumu sana angani, takribani miaka 12 tu, lakini katika miaka 20 ya mwanzo inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Joto lake linatangulia mbele, halisubiri wajukuu. Watafiti wale walilinganisha kisima hiki na moshi wa mwaka mzima wa magari zaidi ya 500,000. Kisima kimoja, jamani! Huku jimbo lenyewe likijisifu kwa sheria kali za tabianchi kuliko majimbo mengine.

Sasa kisima chenyewe. Kinaitwa SS-25. Kilichimbwa mwaka 1953 kutafuta mafuta. Mafuta yalipopungua, mwamba uleule ukageuzwa ghala la gesi, na kisima kikaanza kazi hiyo mwaka 1973. Hakikujengwa kwa ajili ya kusukuma gesi ndani na kuitoa kila msimu. Kilikuwa na vali ya usalama chini ardhini, ikaondolewa mwaka 1979 na haikurudishwa, kwa kuwa kanuni ziliilazimisha tu kwa visima vilivyo karibu sana na nyumba au barabara. Gesi ilipitishwa kwenye bomba la ndani na pia kwenye nafasi iliyo kati yake na ganda la chuma la nje, maana yake ganda lile ndilo lililokuwa kinga pekee. Likitoboka, basi.

Na likatoboka. Ripoti ya Blade, kampuni ya wataalamu waliochunguza chanzo cha mvujo, iliyotoka Mei 2019, ilisema ganda lilipasuka karibu mita 270 chini, baada ya kuliwa kwa nje na kutu iliyoletwa na vijidudu palipogusana na maji ya ardhini. Ripoti ile ikataja visa zaidi ya 60 vya maganda kuvuja katika uwanja huohuo tangu miaka ya 1970, ambavyo havikufanyiwa uchunguzi wa kina wa chanzo. Hii ndiyo sehemu iliyonikasirisha kuliko zote, zaidi hata ya damu za bibi puani. Mdhibiti wa jimbo alikuwepo miaka yote hiyo. Kanuni hazikumtaka mtu apime unene wa chuma kile, na hakupima mtu.

Kulikuwa na majaribio saba ya kukiua kisima kwa kumwaga tope zito kutoka juu. Yote yalishindwa, na Blade walisema hesabu sahihi za nguvu ya gesi zingewezesha kukizima mapema zaidi. Waliofanikiwa ni wale walioanza Desemba kuchimba kisima cha pembeni, zaidi ya mita 2,500, wakakikuta SS-25 kule chini na kukijaza tope, kisha saruji. Mtu mmoja juu ameuliza kwa nini hawakuichoma ile gesi. Swali zuri, kwa sababu methani ikiungua inageuka kaboni dayoksaidi na madhara yake kwa tabianchi yanashuka sana. Mpango wa kuinasa na kuichoma ulikuwepo, ukaachwa kwa hofu ya mlipuko: gesi ilikuwa inatokea kwenye nyufa za ardhi kuzunguka kisima, si kwenye mdomo mmoja wa bomba. Mafundi walikuwa wanafanya kazi kwa uangalifu kiasi cha kuogopa cheche ya nyundo. Kwa hilo siwalaumu.

Tangazo la gavana lilifanya jambo ambalo naliheshimu. Mbali na kuzuia gesi mpya isiingizwe ardhini na kuamuru presha ipunguzwe, liliiagiza Bodi ya Hewa ya California, chombo cha jimbo kinachodhibiti uchafuzi wa hewa, iandae mpango wa kufidia tabianchi yenyewe, kwa gharama ya kampuni. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia kiongozi akisema kwamba anga nayo inadai. Bodi ikaweka deni la tani 109,000 za methani, kiwango cha juu cha makadirio yake. Katika makubaliano ya mwaka 2018 ya dola milioni 119.5 kati ya kampuni na jimbo, kaunti na jiji, sehemu ya fedha ikaenda kwenye mitambo ya kunasa methani ya kinyesi cha ng'ombe wa maziwa.

Wapo majirani waliochukia: gesi imetoka kwetu, mitambo inajengwa kwenye mabonde ya mbali. Nawaelewa. Lakini kwa upande wa anga methani haina mtaa, na kuilipa methani kwa methani ni sawa kuliko kupanda miti itakayofyonza kaboni polepole kwa miaka 50. Udhaifu wake ni kwamba tani zilitoka ndani ya siku 112 na zitarudishwa kwa miaka mingi, na joto la miaka ya katikati halirudishwi na yeyote.

Ya mahakamani nayapitia haraka. Mwaka 2016 kampuni haikupinga kosa moja dogo la jinai, la kuchelewa kutoa taarifa. Mwaka 2021 kukawa na makubaliano ya hadi dola bilioni 1.8 kwa wakazi zaidi ya 35,000. Bibi alikuwa mmoja wao. Hilo mmeshalijadili, naliacha.

Mabadiliko ya kanuni ndiyo mzizi wa jibu langu. Sheria ya jimbo ya Mei 2016 ilizuia kuingiza gesi hadi kila kisima, na vilikuwa zaidi ya 100, kipimwe au kitengwe. Kanuni zilizoanza Oktoba 2018 zikataka gesi ipite bomba la ndani tu, ganda la nje libaki kinga ya pili, unene wa chuma upimwe, na uvujaji ufuatiliwe muda wote. Serikali ya shirikisho nayo, ambayo mpaka wakati huo haikuwa na kanuni za usalama wa visima hivyo vya chini ya ardhi katika nchi yenye hifadhi takribani 400, ikatoa za kwanza Desemba 2016. Hata hivyo Novemba 2022 kisima kingine cha hifadhi kilivuja Rager Mountain, Pennsylvania, karibu wiki mbili. Kanuni zilikuwepo, chuma bado kilikuwa cha zamani.

Aliso Canyon yenyewe ilirudi kazini Julai 2017 kwa kiwango kilichopunguzwa, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa tena hadi futi za ujazo bilioni 68.6. Waliotaka ifungwe waliumia sana, na mimi ni mmoja wao.

Bibi alirudi nyumbani kwake. Siku hizi kuna vipima methani kwenye mpaka wa hifadhi na namba zake zinawekwa hadharani. Kabla sijaacha kazi aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kuzifungua kwenye simu, nikamwandikia hatua kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akaibandika mlangoni mwa friji. Kila asubuhi alisoma namba kwanza, ndipo akafungua dirisha la upande wa mlimau.