Maswali yenu: Sindano ya kuongeza damu inaiambia nini seli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama mkubwa anasafishwa damu kwa sababu ya figo. Amechomwa eritropoietini, homoni ya kuongeza damu, miezi miwili sasa, lakini HB imegoma kwenye 7.8. Je, tumeuziwa dawa feki? – Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba. Kabla hamjalaumu dawa, ulizeni vipimo viwili: feritini (protini inayohifadhi chuma), na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma) iliyobeba chuma. Sindano hii haitengenezi damu. Inaziambia seli changa za kwenye uboho zisife, ziendelee kugawanyika na kukomaa. Zikishaitika, zinataka chuma cha kutengenezea himoglobini, ndiyo hiyo HB. Kikikosekana, ni kama fundi aliyefika saiti akakuta hakuna saruji. Kwa anayesafishwa damu, madaktari hufikiria chuma cha kwenye mshipa pale asilimia hiyo inapokuwa 30 au chini na feritini haizidi 500.

Kuna mtego hapa. Feritini inaweza kuwa juu na bado chuma kisifike kwenye uboho. Maambukizi, kwa mfano kwenye mpira wa kusafishia damu, huongeza hepsidini, homoni inayodhibiti chuma mwilini, nayo hukifungia chuma ghalani. Kwa hiyo homa au usaha kwenye mpira usemwe mapema.

Dawa nayo huharibika. Inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, haitikiswi, haigandishwi. Kosa la baadhi ya wanaoibeba kwenye daladala ni kuilaza juu ya barafu moja kwa moja. Ikiganda, protini huharibika, ingawa kwa macho mnaona maji safi yaleyale. Zungushieni kichupa kitambaa kwanza. Dozi msiipandishe wenyewe: presha hupanda na damu huweza kuganda. Wengi hawapitishwi HB ya 11.5.

SWALI: Mwalimu ametuambia homoni ya eritropoietini inaishia nje ya seli. Amri inafikaje kwenye kiini? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi

JIBU: Amri huingia kwa kupokezana. Eritropoietini ni protini ya amino asidi 165 iliyovikwa sukari, haiwezi kupenya utando wa mafuta. Hushika vipokezi viwili (protini za juu ya seli zinazopokea amri) kwa wakati mmoja, kimoja kila upande.

Hapa wanafunzi wengi huchanganya. Kipokezi kama KIT, kilichopo kwenye seli mama za damu, kina kimeng'enya chake kwenye sehemu iliyo ndani ya seli. Cha eritropoietini hakina. Mkia wake umeshikamana na kimeng'enya kingine, JAK2. Homoni ikishika, mikia miwili hubadili mkao, JAK2 mbili zinakutana na kubandikana fosfeti zinazotoka kwenye ATP. Kisha zinabandika fosfeti kwenye tairosini (aina ya amino asidi) za mkia. Protini ya STAT5 hunasa hapohapo, hubandikwa fosfeti yake, huachia, huungana mbili mbili, huingia kwenye kiini na kukaa juu ya DNA. Jeni mojawapo inayowashwa ni ya BCL-XL, inayozuia seli kujiua. Mkia huohuo huwasha pia njia nyingine za kupeleka amri, ya RAS na ya PI3K, ila kwa seli nyekundu STAT5 ndiyo ya kuielewa kwanza.

Kuzima ni muhimu kama kuwasha, na vitabu vingi hupita hapo haraka mno. Kimeng'enya cha SHP-1 hutua kwenye mkia na kubandua fosfeti. Protini za SOCS huizuia JAK2. Mwishowe kipokezi humezwa ndani pamoja na homoni. Hapo ndipo usemi wa mwalimu unapohitaji nyongeza: homoni huingia, ila kwenda kuvunjwavunjwa. Eero Mäntyranta, mkimbiaji wa skii wa Finland mwenye medali 7 za Olimpiki, alirithi kipokezi kilichokatika amino asidi 70 za mwisho, pale SHP-1 inapotua. Homoni yake haikuwa nyingi, lakini HB yake ilipita 20.

SWALI: Baba ana HB 19.5. Watu wanasema ni mwinuko wa huku kwetu, wengine juisi ya rosela. Ni kweli? – Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Hapana, si kwa kiasi hicho. Mwinuko wa mita 1,500 huongeza takriban 1 tu kwenye HB, na rosela haifikishi mtu 19.5. Kama anavuta sigara au ana tatizo la mapafu, mwambieni daktari. Kisha apimwe kiwango cha eritropoietini na jeni ya JAK2, kile kimeng'enya cha jibu lililopita. Damu ya mkononi inatosha kuanzia. Badiliko la jeni hiyo liitwalo V617F, lililoelezwa mwaka 2005, huiacha JAK2 ikiwaka bila amri, na hupatikana kwa takriban wagonjwa 95 kati ya 100 wa polisaithemia vera, ugonjwa wa uboho kutengeneza damu kupita kiasi. Homoni yao huwa chini. Kwa kuwa JAK2 hiyohiyo hutumikia vipokezi vya chembe sahani na chembe nyeupe, angalieni hesabu zake kwenye karatasi ya kipimo cha damu: mara nyingi nazo zimepanda.

Ikithibitika, atapunguzwa damu hadi hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ishuke chini ya 45%, na pengine apewe aspirini ya dozi ndogo, maana hatari kubwa ni kiharusi. Vidonge vya chuma asivitumie bila ruhusa ya daktari, hata akijisikia mchovu. Na mkono au mguu ukifa ganzi ghafla, au mdomo ukienda upande, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.