Jaketi la ngozi la mtumba litanikinga kweli?

SWALI: Mimi ni afisa ugani, Njombe. Nazunguka vijijini kwa pikipiki, na asubuhi huku baridi haina mchezo. Mnadani nimeona jaketi jeusi la ngozi, laini, lina mkanda kiunoni, wanataka 45,000. Bajeti yangu yote ni laki moja na nusu. Nichukue? Na suruali ya ngozi je?

JIBU: Dada, pole na baridi. Helmeti nzuri naamini unayo. Kama huna, acha kusoma hapa, laki na nusu yote iende huko.

Ulaini wa hilo jaketi ndio unaonitia wasiwasi. Chukua kadi yako ya benki, ambayo ina unene wa kama milimita 0.8. Bana ukingo wa ngozi, pale chini ambapo haijakunjwa, ulinganishe. Ngozi ya kuendeshea huwa milimita 1 hadi 1.3. Ikiwa nyembamba kuliko kadi, hilo ni la kutokea tu. Likiburuzwa kwenye lami linatoboka upesi. Ukingo huohuo utakuonyesha kama ni ngozi feki: ngozi halisi ina nyuzinyuzi zake, feki utaona kitambaa kilichopakwa plastiki. Kisha likunje kwa nguvu kwenye kiwiko. Likionyesha nyufa, limekauka, rudisha kwenye fungu.

Halafu mishono. Shika bega kwa mikono miwili uvute. Mshono ukifunguka ukaona uzi, achana nalo, maana mtu akianguka mara nyingi mshono ndio unaotangulia kuachia. Nzuri zina mistari miwili ya uzi au zaidi mabegani na viwikoni.

Sasa ingiza mkono ndani. Jaketi la pikipiki lina mifuko ya kuwekea vikinga begani na kwenye kiwiko. Ngozi inazuia mchubuko, haizuii mfupa kuvunjika. Kazi hiyo ni ya vikinga. Kwenye mitumba vingi vimeshachomolewa. Usikate tamaa, vinauzwa peke yake: tafuta vilivyoandikwa EN 1621-1, yaani kiwango cha Ulaya cha vikinga vya pikipiki, herufi S ya bega, E ya kiwiko, K ya goti. Kikinga cha daraja la 2 kinapunguza kishindo zaidi ya cha daraja la 1. Ukibahatika kukuta jaketi lenye lebo ya EN 17092, kiwango cha Ulaya cha nguo za pikipiki, AAA ndiyo daraja la juu, kisha AA, kisha A. Majaketi mengi ya zamani hayana lebo hiyo, na siyo lazima yawe mabaya.

Lipime ukiwa umekaa kwenye pikipiki, mikono kwenye usukani. Mikono ya jaketi isipande ikaacha kifundo wazi, na kikinga kisizunguke kikaondoka kiwikoni. Acha nafasi ya sweta moja, siyo mawili.

Suruali ya ngozi kwa bajeti yako, hapana. Za kike kwenye mitumba ni chache, na nyingi ni za disko. Vaa jinzi nzito, ndani yake funga vikinga vya magoti. Pesa inayobaki nunua glavu za ngozi zenye mkanda wa kufunga kifundoni, kwa sababu ukianguka viganja ndivyo vinavyotangulia chini. Zile za mafundi wa kuchomelea usizichukue. Ni ngumu, klachi huisikii, na zinachomoka. Miguuni, buti la ngozi linalofunika kifundo linatosha, kamba uzichomeke ndani zisije zikanasa kwenye gia.

Likilowa mvua, litundike kivulini. Najua Njombe jiko la mkaa linavutia, lakini moto unaikausha ngozi mpaka inapasuka.

Hilo lako la mkanda, kwa ulivyoeleza, sidhani kama litapita mtihani wa kadi. Ukilipenda sana, mwambie muuzaji ashushe hadi 25,000, ulivae kanisani.