Pampu ikizima bodi inajiwasha upya? Anzia kwenye waya

Bodi ya kielektroniki iliyofanya kazi mezani wiki nzima, halafu ikafungwa kisimani ikaanza kuganda, mara nyingi haina tatizo la programu. Vijana wengi wanaonipigia simu huwa wameshaiandika upya programu yote, na bodi bado inaganda.

Chukua kidhibiti cha pampu ya maji: chipu ya ATmega328 inayoendesha programu, relei (swichi ndogo inayoamriwa na chipu), kontakta ya volti 230 (swichi kubwa inayowasha pampu), na waya mrefu unaopanda hadi kwenye floti ya tenki, yaani swichi inayoelea na kuonyesha kiwango cha maji. Relei inapoikatia kontakta umeme, koili haikubali mkondo ukome ghafla. Volti inaruka juu, cheche inapiga kwenye ncha za relei, inazimika, inapiga tena, na kila pigo linarusha mshtuko wa nanosekunde chache kwenye nyaya za jirani. Waya wa floti unaudaka kama antena na kuuleta ndani.

Usibahatishe. ATmega ina rejista iitwayo MCUSR inayoweka kumbukumbu ya kwa nini chipu imeanza upya. Isome mwanzoni kabisa mwa programu, uihifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika (baadhi ya butiloda, programu ndogo inayotangulia yako, huifuta rejista hiyo kabla hujaifikia, kwa hiyo ichunguze yako). Ukikuta EXTRF, mshtuko umepitia pini ya riseti, ile ya kuianzisha chipu upya. BORF maana yake umeme wa chipu ulishuka. WDRF, programu ilikwama na wochidogi, saa ya ulinzi iliyo ndani ya chipu, ikaiamsha. Kuna nyumba moja Kigamboni fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha pawa saplai, na kumbe rejista ilikuwa inasema EXTRF kila pampu ilipozima.

Pini ya riseti ndani ya chipu inavutwa juu na rezista ya kilo-omu 30 hadi 60 tu, ambayo ni dhaifu. Ongeza ya kilo-omu 10 nje, na kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini kwenda graundi, karibu kabisa na chipu.

Graundi yenyewe ndiyo inayobishaniwa sana. Waya wa sentimita 10 una indaktansi (tabia ya kupinga mkondo kubadilika ghafla) ya takriban nanohenri 100. Mkondo ukipanda ampea 1 ndani ya nanosekunde 5, kati ya ncha mbili za waya huo zinatokea volti 20. Mita yako itakuambia ni sifuri, na kwa mkondo wa kawaida ni kweli. Ndiyo maana naacha upande mzima wa bodi uwe shaba ya graundi, na viunganishi vyote naviweka ukingo mmoja, ili mshtuko ukiingia utokee hapohapo bila kukatiza chini ya chipu.

Kisha tuliza chanzo: rezista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 ya daraja la X2 (linalostahimili umeme wa ukutani), kwa mfululizo, sambamba na koili ya kontakta. Kwa floti, usitegemee rezista ya ndani ya chipu. Pitisha volti 12 na optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga), na programu isome mara kadhaa kabla ya kuamini.

Wochidogi iwepo, ila si dawa. Chipu ikiwa kwenye riseti, pini zake zote zinaelea, hazivutwi juu wala chini, kwa hiyo weka rezista ya kuivuta chini pini ya relei, la sivyo pampu inaweza kujiwasha yenyewe tenki likiwa limejaa.

Maabara hupima haya kwa IEC 61000-4-4, kiwango cha kimataifa cha kupima mishtuko ya aina hii, na gharama yake unaijua. Mimi kwanza hutumia relei ya volti 24 isiyo na daiodi, koili yake ikipitia ncha yake yenyewe ambayo hufungwa relei ikiwa haina umeme, ili ijikate na kujirudisha mfululizo. Inapiga kelele kama nyuki. Waya wake naulaza sambamba na waya wa floti, kisha naisoma MCUSR. Tumia betri au adapta tu kwa jaribio hili, usiguse umeme wa ukutani.