Mbona hawasemi "nakupenda"? Majibu kwa wasomaji

Maswali yamejaa kwenye simu tangu sehemu ya mwisho ya hadithi iliyopita itoke. Nimeyachuja. Yale ya "dada una mchumba?" nimeyaacha yalipo.

Wahusika wako wanapendana kurasa 200 lakini sijaona hata mmoja akimwambia mwenzake "nakupenda". Wanaogopa nini? (Msomaji, Morogoro)

Hawaogopi, ndivyo walivyolelewa. Nimekulia Ngamiani, Tanga, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, na miaka yote ile sikumsikia baba akimwambia mama neno hilo. Alikuwa kuli bandarini. Akirudi usiku mama ameshalala, anafunua kawa, anamkata samaki katikati, anakula upande wa mkia. Upande wenye kichwa anaufunika tena, kwa sababu mama alipenda kichwa. Asubuhi mama anafunua kawa, anaona, anakaa kimya. "Nakupenda" ninayoijua mimi ni hiyo.

Waandishi wachanga wananiletea kazi zao nizisome, na karibu zote zina sentensi hii: "Wewe ni kila kitu kwangu, siwezi kuishi bila wewe." Hayo ni maneno ya tamthilia zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Mwanamume akiyatamka uani kwetu, watu watadhani anataka kukopa. Sikilizeni watu wanavyosema kweli: "Umekula?" "Mbona umechelewa?" "Nipe huo mfuko nikubebee."

Halafu tuna kanga. Mwanamke aliyeachwa akipita mbele ya duka la yule bwana amejitanda *Japo sipati tamaa sikati*, mimi sina haja ya kuandika mazungumzo. Ila msirundike. Kanga moja kwa kitabu inatosha. Zikifika tano, umefungua duka.

Visa unavitoa wapi, na unaanzia wapi? (Kijana wa Mbeya anayetaka kuandika)

Naanza na kizuizi, mdogo wangu. Kabla sijajua jina la binti najua kinachomzuia. Watu wawili wanaopendana na hakuna cha kuwazuia, hao waende wakafunge ndoa, sisi tutakula pilau tu.

Simu zimetuharibia kazi sana. Zamani barua ilipotea posta, mtu akaolewa na mwingine kwa kosa la karani. Leo ujumbe una tiki mbili za bluu. Kwa hiyo natafuta vizuizi ambavyo simu haivitatui. Kwenye kitabu changu cha nne kijana yuko Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, binti yuko Pangani mjini, posa ya mtu mwingine inapokelewa asubuhi ile, na kivuko ni kibovu. Wanaongea kwa simu! Wanaonana kwa macho, mto katikati, naye hawezi kuvuka. Ili niandike sura ile nilikaa ukingoni nusu siku na kauntabuku, nikatazama watu wanavyosubiri: mama mwenye tenga la kuku aliyekaa juu ya tenga lenyewe, bodaboda aliyezima injini ila hashuki. Nasikia daraja la pale litawafaa watu wote. Mimi limeniondolea sura ya tisa.

Kizuizi nacho kiwe na haki yake. Mama anayekataa posa asiwe mchawi tu. Mpe sababu ambayo msomaji wa miaka 50 ataitikia kwa kichwa, amuonee huruma binti na bado aseme "lakini mama naye..." Ukifika hapo, mvutano umeshaupata. Mama akiwa mbaya kwa sababu ni mbaya, msomaji anasubiri afe tu, na kusubiri mtu afe hakumfanyi mtu anunue sehemu inayofuata.

Visa vyenyewe navipata kwenye cherehani. Mchana mimi ni fundi. Mteja akipimwa kiuno husema mambo ambayo hamwambii hata shoga yake. Nabadilisha mtaa, kazi, idadi ya watoto, hata umri, mpaka mwenyewe akisoma asijitambue. Mmoja alisoma akaniambia, "Huyu mwanamke mjinga sana." Nikaitikia.

Unaandika saa ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Saa kumi na nusu alfajiri mpaka watoto waamke kwenda shule. Kwanza kwa mkono, kisha naingiza kwenye simu kwa kidole gumba. Maneno 1,200 ni sehemu moja. Siku nyingine yanatoka 300, nayo mabovu.

Hayo mambo yamekutokea wewe? (Wengi)

Vitabu saba, mume mmoja. Pigeni hesabu.

Mwenye chaneli ya simulizi za sauti YouTube ananipa laki mbili aichukue hadithi yangu yote iwe yake. Nichukue? Nina shida ya kodi. (Mama wa watoto wawili, Dodoma)

Mwanangu, shida ya kodi naijua, sitakwambia ukatae pesa. Nakwambia usiuze ng'ombe kwa bei ya maziwa.

Jane Austen, yule Mwingereza, alitoa riwaya yake ya kwanza, *Sense and Sensibility*, mwaka 1811 kwa gharama yake mwenyewe. Jina lake halikuwekwa. Kitabu kilisema tu kimeandikwa na bibi mmoja. Kingedoda, hasara ingekuwa yake. Hakikudoda: toleo la kwanza liliisha, likampa faida ya pauni 140 na haki ikabaki mkononi mwake. Riwaya iliyofuata, *Pride and Prejudice*, akaiuza moja kwa moja kwa mchapishaji. Alitaka 150, akapewa 110, akazichukua. Ikatoka Januari 1813, na kabla mwaka haujaisha ikachapwa mara ya pili. Faida ya mara ya pili haikuwa yake. Ndicho kitabu chake kinachopendwa kuliko vyote mpaka leo.

Kwa hiyo mjibu hivi, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: nakuruhusu kuisoma kwa sauti tu, kwa mwaka mmoja, jina langu litajwe mwanzoni mwa kila sehemu, kitabu, filamu na mengine ni yangu. Akisema kwa masharti hayo atatoa laki moja, hesabu: laki moja na hadithi bado unayo. Akikasirika, basi alichokuwa anakitaka si kusoma kwa sauti.

Na hakimiliki haisubiri muhuri. Inakuwa yako ukishaandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ni kwa ajili ya ushahidi siku mkigombana.

Watu wanalipa kuingia kwenye grupu la simu tunalotumia hadithi, halafu wanakopi sehemu zote na kuzirusha bure kwingine. Unawakamataje? (Mwandishi mwenzangu, Dar es Salaam)

Hukamati wote. Mimi nilimkamata mmoja, na nilivyofurahi utadhani nimeshinda kesi. Nina grupu tatu za kulipia. Sehemu ya 18 nikaiandika mara tatu: grupu la kwanza shuka la kitandani ni la kijani, la pili la bluu, la tatu la maua. Siku mbili baadaye binamu yangu wa Tabora ananitumia hadithi yangu mwenyewe, "Hii tamu, isome." Shuka la bluu. Wiki iliyofuata nikaligawa grupu la pili kwa rangi za kikombe cha chai, na mwisho nikabaki na namba moja. Alikuwa mteja wangu mzuri, analipa mapema kuliko wote. Nilimpigia. Akasema, "Dada, dada zangu hawana hela, na wanakupenda." Sikumtoa. Tulikubaliana awalipishe nusu bei na aniletee.

Kitabu cha kuchapa nianze na nini? (Msomaji, Kigoma)

Na kurasa. Karatasi kubwa ya kiwandani mara nyingi inakunjwa kuwa kurasa 16, kwa hiyo kitabu chako kikiishia ukurasa wa 163 unaweza kulipia 176. Punguza kurasa tatu, hata kama ni zile unazozipenda. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Na ukipokea mzigo, fungua kitabu chochote katikati kabla hujamalizia malipo. Mimi nilipokea nakala 300 nikasaini, nikafika nazo nyumbani, nikakuta kurasa 81 hadi 96 zimeshonwa kichwa chini. Zote. Mchapaji akaacha kupokea simu. Niliviuza kwa bei ya kutupa na karatasi ndani: "Ukifika 81 geuza kitabu." Msomaji mmoja aliniambia alidhani nimekusudia, kwa kuwa hapo ndipo binti anapochanganyikiwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema hadithi za mapenzi si fasihi. Umjibu. (Mwanafunzi wa kidato cha tano)

Simjibu, ana wanafunzi wa kufaulisha. Wewe nakusimulia. Kule Kano, Nigeria, kuanzia miaka ya 1980 waandishi, wengi wao wanawake, walijiandikia vitabu vya mapenzi kwa Kihausa, wakavichapa wenyewe, vikauzwa sokoni. Mmoja wao ni Balaraba Ramat Yakubu, ambaye mwenyewe aliozwa akiwa mtoto, na akayaandika mambo ya kuozeshwa kwa nguvu. Mwaka 2007 gavana wa jimbo akaongoza kuvichoma moto vitabu vya aina hiyo hadharani. Gavana hahangaiki na kiberiti kwa ajili ya kitu kisicho na maana. Muulize mwalimu, kwa adabu, kama amewahi kusoma kimoja mpaka mwisho. Ukiona anakijua kisa, usimcheke.

Dada, nilikosa buku mbili ya wiki iliyopita ukanitoa grupu. Nimepata. Nirudishe? (Namba inayoishia na 4)

Umerudi tangu jana usiku, muamala nimeuona. Anza na sehemu ya 22, usirukie ya 23 hata wakikusimulia, maana ndani ya 22 kuna barua na hiyo barua hakuna aliyeielewa bado.