Datsun 240Z ya marehemu baba: nipate wapi rimu na matairi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Lindi mjini. Marehemu baba alituachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, ilikuwa imelala bandani miaka kumi na mmoja. Injini imeshawaka na breki zimefanywa upya. Kinachonishinda sasa ni miguu. Rimu ni zile zile za chuma, inchi 14, zimeliwa na kutu. Matairi yana kashata nzuri bado, ila pembeni yamepasuka nyufa ndogo ndogo. Fundi wa hapa ananishauri nifunge matairi ya Hiace, 185R14C, anasema hayapasuki. Kuna mwingine Mtwara ana rimu za sport za inchi 15, za matundu manne, zimetoka kwenye Toyota. Anasema atayapanua matundu kidogo na zitaingia. Mimi nataka gari la kwenda Mtwara na Masasi, na siku moja moja kubeba bwana harusi. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa kupanua matundu mwambie aache kabisa, na hela yako usimpe.

Nikueleze kwa nini, maana habari hii hunirudia gerejini kila msimu wa korosho, pesa zikiwa moto mfukoni. Rimu ya matundu manne ya Toyota ndogo za siku hizi ni 4x100, yaani duara linalopita katikati ya bolti zote nne lina kipenyo cha milimita 100. Datsun yako ni 4x114.3. Kila tundu litabidi lisogezwe nje milimita 7 na ushee. Tundu likishavutwa hivyo si tundu tena, ni mfereji. Nati ya rimu ina kichwa cha koni, na koni hiyo inatakiwa ikae ndani ya tundu la mviringo ikilishika pande zote. Kwenye mfereji itashika upande mmoja, na kila ukipita tuta inajilegeza kidogo. Halafu huyo bwana hajakuambia habari ya tundu la katikati. La rimu ya Toyota hizo ni milimita 54.1, wakati habu ya 240Z, ile sehemu ya katikati inayobeba rimu, ina unene wa milimita 73 hivi. Hata matundu ya bolti yangekubali, rimu isingekaa. Kwa hiyo angekereza katikati, akapanua pembeni, na kilichobaki ungekiita rimu kwa heshima tu.

Ukitaka kujihakikishia, chukua futi kamba, ondoa tairi moja la mbele. Bolti ziko nne, kwa hiyo kila moja ina mwenzake wa kuelekeana. Pima kuanzia ukingo wa kushoto wa bolti moja mpaka ukingo wa kushoto wa ile ya upande wa pili. Utasoma sentimita kumi na moja na nusu kasoro kidogo. Kipimo hicho kiandike kwenye karatasi na utembee nacho, kwa sababu wauza rimu wengi hukadiria kwa macho, na kwa macho 100 na 114 zinafanana.

Na nati pia uziangalie. Bolti za Datsun na Nissan ni za milimita 12 zenye meno ya 1.25, za Toyota ni milimita 12 zenye meno ya 1.5. Nati ya Toyota ukiianzisha kwa vidole kwenye bolti yako itazunguka mara mbili tatu kisha itakaza. Hapo ndipo kijana mwenye haraka hutia spana ndefu na kuning'inia juu yake. Anakuambia imekaza vizuri, kumbe ameyala meno ya bolti. Nati isiyoingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho si ya gari hilo.

Tuje kwenye matairi ya Hiace. Herufi C pale mwisho maana yake ni tairi la gari la mizigo. Kuta zake ni nene, na limetengenezwa kubeba uzito kwa upepo mwingi, mara mbili na zaidi ya ule wa gari dogo. 240Z haifiki hata kilo 1,100 ikiwa tupu, na kiwanda kilitaka upepo wa 28 hivi. Ukilijaza tairi la C upepo huo, linakaa kama gogo. Ukilijaza upepo wake lenyewe, gari linarukaruka kama mbuzi kwenye barabara ya Newala, na mvua ikinyesha halishiki lami. Utasikia pia mtu anasema Datsun hii ni gari la Safari Rally, itahimili. Ni kweli ilishinda East African Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, na wazee wengi wa huku wanaikumbuka. Lakini wale walikuwa na magari ya huduma yakiwasubiri njiani na matairi mapya. Wewe njia nzima utakuwa na tairi moja la akiba.

Kiwandani gari lako lilifungwa rimu za 4.5J kwa 14, yaani upana inchi 4.5 na kipenyo inchi 14, na tairi la 175HR14. Huo ni uandishi wa zamani: 175 ni upana kwa milimita, H ni kikomo cha mwendo wa kilomita 210 kwa saa, R ni radiali, yaani namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyopangwa, 14 ni rimu. Kimo cha ukuta hakikuandikwa kwa sababu kilijulikana kuwa karibu asilimia 80 ya upana. Ukipiga hesabu, tairi zima linapata kimo cha milimita 636 hivi. Namba hiyo ndiyo ya kuilinda. Mtu akikupa 175/65R14 kwa sababu ndiyo aliyonayo dukani, tairi litakuwa na milimita 583. Gari litaonekana limevaa viatu vya mtoto, na kipima mwendo kikisema 80 wewe utakuwa kwenye 73.

Kwa rimu zako za asili, kama zitapona, funga 185/70R14. Ni saizi ya Premio nyingi, inakubalika kwenye rimu ya inchi 4.5, na kimo chake ni milimita 615. Kipima mwendo kitadanganya kidogo, asilimia tatu na kitu, hilo unaweza kuishi nalo. Alama ya uzito ikiwa 88, kila tairi linabeba kilo 560, na gari lako halihitaji zaidi. Usikubali 195 kwenye rimu hizo nyembamba hata kama litaingia. Kuta zinabinuka na kwenye kona unasikia gari linateleza juu ya matairi yake lenyewe.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini kwa safari za Masasi, ningetafuta rimu za inchi 15, upana wa 6, za 4x114.3, nifunge 195/65R15. Kimo chake ni milimita 634.5, sawasawa na la kiwandani, na ndilo tairi la Premio na Allion za inchi 15. Likipasuka Ndanda jioni utapata mwenzake Masasi kesho asubuhi. Michelin, Pirelli na Vredestein bado wanatengeneza matairi ya magari ya zamani yenye sura ya enzi hizo, na yanapendeza kweli. Lakini uagize Ulaya, ungoje meli, ulipie ushuru Dar, kisha msumari mmoja wa Mingoyo ukulaze chini mwezi mzima. Kama gari lingekuwa la harusi tu, ningekushauri vingine.

Rimu hizo za 15 hazipatikani kirahisi, hilo nikiri. Zipo Nissan zilizotumia 4x114.3, kwa mfano baadhi ya Primera za mwisho wa miaka ya 1990, na nati zake zinaingiliana na bolti zako. Tatizo hizo ni gari za kuvuta mbele. Uso wa rimu unaokaa kwenye habu umesogezwa nje sana, milimita 40 na zaidi kutoka katikati ya rimu, kwa hiyo tairi lote linaingia ndani. Kwenye 240Z litakwenda kusugua kikombe cha springi ya nyuma. Watakuambia weka spesa, kile kipande cha kutenganisha rimu na habu. Mimi spesa siipendi kwenye gari lenye bolti za miaka hamsini. Tundu la katikati nalo ni milimita 66.1, utarudi kwa fundi wa kukereza.

Zinazofaa ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Datsun za zamani, ambazo kipimo hicho cha kusogea ni sifuri au karibu yake. Wajapani bado wanazitoa. RS Watanabe zenye mikono minane ndizo maarufu. Mtumie wakala wa Dar anayeleta vipuri kutoka Japani, mpe namba nne tu: 4x114.3, upana 6 au usiozidi 7, kusogea sifuri, tundu la katikati 73. Makadirio ya ushuru uyapate TRA kabla ya kulipa. Kwenye maduka ya Gerezani na Ilala pia huangukia mtu akapata seti iliyotolewa kwenye gari bovu, ila nenda mwenyewe au tuma mtu mwenye futi kamba. Zikifika kwa basi, jaribu rimu tupu kwanza bila tairi. Funga nati, zungusha usukani mwisho kulia na kushoto, angalia nafasi ya ndani na ya nje, ndipo ufunge tairi.

Rimu za chuma msizitupe. Hewa ya bahari ya Lindi ni kali kwa chuma, lakini kutu ya juu si ugonjwa wa kuua. Piga brashi ya waya, kisha angalia sehemu tatu: mdomo ambapo tairi linabana, mshono wa kuchomelewa unaounganisha bakuli na duara, na pembezoni mwa matundu ya bolti. Ukiona ufa kwenye mshono au kwenye tundu, rimu hiyo ni ya kufungia mbuzi. Ikiwa ni vishimo tu mdomoni, sugua mpaka chuma kiwe laini, paka rangi ya kuzuia kutu. Kisha inua gari kwa jeki, sogeza msumari karibu na ukingo wa rimu na uizungushe taratibu. Nafasi kati ya msumari na rimu ikicheza zaidi ya milimita moja na nusu, imepinda. Na usiruhusu fundi wa pancha akutilie tyubu ili kuficha rimu inayovuja kwa ufa.

Kashata nzuri ya hayo matairi ya sasa isikuhadae. Mwaka mmoja nilimfungia mteja matairi mawili ya mtumba, kashata kama jipya, sikusoma tarehe. Kati ya Mingoyo na Nanganga, jua la saa nane, moja likavua ngozi yote. Lilipiga madigadi kwa ndani likaitoboa. Nilipokuja kulipangusa ubavuni nikakuta mwisho wa maandishi ya DOT namba nne: 2309. Wiki ya 23, mwaka 2009. Lilikuwa na miaka kumi na minne. Madigadi niliilipia mimi. Kwenye matairi yako soma namba hizo. Zikiwa tatu tu badala ya nne, basi yametengenezwa kabla ya mwaka 2000, na nashangaa yamefikaje hapo. Kwa vyovyote, nyufa za pembeni zimeshajibu. Hata ya dukani yasome, kwani tairi lililokaa rafu miaka sita huuzwa kwa jina la jipya.

Siku ya kufunga, kaza nati kwa msalaba, si kwa kufuatana, kwa nguvu ya nyutoni-mita 80 hivi, na ukishatembea kama kilomita 100 uzikaze tena. Ukifunga Lindi, Mtwara inakufaa kwa hilo, ni umbali huo huo. Upepo anza na 28, ukipima asubuhi tairi likiwa baridi. Rimu moja ya zamani iliyo nzima ifanye ya akiba, ivae 185/70R14, na uhakikishe inakaa kwenye shimo lake kule nyuma. La 195 linaweza kukataa kufunikwa. Nati za rimu za chuma zitunze ndani ya gari pamoja nayo, maana baadhi ya rimu za sport zina nati za shingo ndefu ambazo hazikamati rimu ya chuma.

Ukija Mtwara kwa huyo bwana wa rimu za Toyota, pita kwangu na rimu yako moja, hata ile mbovu kuliko zote. Nitakuandikia vipimo vyote kwenye karatasi moja umtumie wakala. Usije Jumapili.