Kabla hujapeleka hela ya parachichi India kwa ajili ya leza

Mkuu wa Tukuyu, umeuliza kama leza ya macho inaondoa astigmatizimu isiyo na mpangilio, yaani kuona ukungu kwa sababu konea, kioo cha mbele cha jicho, imepinda ovyo, maana miwani imegoma na shemeji yako anasema ukifika India ni dakika chache tu. Mimi niko Uyole, na tatizo langu ni hilohilo.

Anza na kwa nini konea imepinda, leza baadaye. Ikipinda kwa mpangilio, miwani ya silinda inamaliza kazi. Ikipinda ovyo kuna sababu: kovu, kinyama kilichotambaa juu ya jicho, operesheni ya zamani, au keratokonasi, yaani konea inakonda na kuchomoza mbele. Yangu ni hiyo ya mwisho. Nina aleji ya macho tangu utotoni, na kwa vumbi letu la Agosti kufikicha ni kutwa nzima. Kufikicha huko kunahusishwa sana na ugonjwa huu. Usiku pale Mwanjelwa taa moja ya bajaji naiona ina mikia. Duka la miwani walinibadilishia lenzi kila niliporudi, hela ikaliwa bure. Ila nikichungulia kwenye tundu dogo la karatasi, herufi zinatulia. Daktari aliponipima hivyo, akaniandikia topografia, ile ramani ya rangi ya konea.

Sasa leza. LASIK, aina mojawapo ya leza ya macho, inafunua tabaka la juu la konea na kuchonga chini yake. Konea nzima ina unene wa mikroni kama 540 hivi, yaani kama nusu milimita. Yetu sisi wenye keratokonasi imeshakonda, ukiichonga inaweza kuchomoza zaidi ya mwanzo. Ukikuta mtu anakupangia LASIK bila ramani, chukua begi lako uondoke.

Mimi nilianza na kukazwa konea: matone ya vitamini B2, kisha mwanga wa ultravioleti. Hiyo inazuia ugonjwa usiendelee, kuona hairudishi. Waliniambia nitasikia kama mchanga jichoni. Mchanga gani, ilikuwa pilipili!

Leza inayowafaa baadhi yetu ni PRK, ile inayochonga juujuu bila kufunua tabaka, ikifuata ramani ya konea, mara nyingi pamoja na huko kukazwa. Inaparaza kidogo sana, kwa kawaida haizidi mikroni 50, ili konea ilainike na miwani ianze kukubali. Miwani huachi. Kama lako ni kovu la juujuu na konea bado nene, una nafasi nzuri kuliko mimi.

Mimi leo naona kwa lenzi ngumu, machozi yanajaza mabonde chini yake. Punje ya vumbi ikipenya pale Kabwe, unasimama hapohapo hata kama daladala inaondoka. Nawe kama unavaa lenzi, zivue mapema kabla ya kipimo kwa muda watakaokwambia, kwani zinaikandamiza konea na ramani inadanganya.

Ukiipata ramani yako, tupia hapa unene wa sehemu nyembamba kabisa na umri wako. Kama hujafika 30, omba na tarehe ya kurudia kipimo, maana umri huo ugonjwa huwa bado una kasi.