Zaituni, kabla hamjayapa majina mapya

Walukuba, Jinja

Mwanangu Zaituni,

Mzigo wako umefika salama, dawa zangu zote zimo. Swali lako sikutaka kulijibu kwa simu. Unasema hapo hospitalini mnatunga madaraja mapya ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, manne badala ya sita ya zamani, na wakubwa wako wanabishania majina. Unauliza: mtajuaje kama mfumo mpya ni bora, na si lebo tu zimebadilishwa?

Nikusimulie habari ya utingo mmoja wa lori. Nilikuwa nesi mdogo wodi ya wanaume, hospitali siitaji. Silimu, ndivyo tulivyouita UKIMWI, imepamba moto, vipimo vya damu haba. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekutanisha wataalamu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakatoa njia ya kumtambua mgonjwa wa UKIMWI bila maabara: mtu mzima awe na dalili kubwa mbili na ndogo moja, mradi hakuna sababu nyingine inayojulikana, kama saratani. Kubwa ni kupungua uzito kwa sehemu ya kumi au zaidi, kuhara zaidi ya mwezi, homa zaidi ya mwezi. Kati ya ndogo, kikohozi cha zaidi ya mwezi. Karatasi tuliibandika juu ya meza ya dawa.

Basi utingo akaletwa. Amekonda, shati linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Homa anayo, anakohoa tangu mwezi wa pili. Mbili kubwa, moja ndogo. Mkono ulioandika kwenye faili ni wangu. Kufika Ijumaa, dada yake aliyekuwa akimletea uji hakuonekana tena. Wiki ya tatu majibu ya makohozi yakarudi: kifua kikuu. Akaanza dawa, akanenepa mpaka tukamtania. Damu yake ilipopimwa baadaye, virusi havikuwamo. Faili lake hakuna aliyelisahihisha, hata mimi.

Sisemi wale wa Bangui walikosea. Walitaka nchi zisizo na maabara ziweze kuhesabu wagonjwa, sisi tukaigeuza hesabu kuwa hukumu ya mtu mmoja mmoja. Tena njia yao ilijaribiwa hapa hapa Uganda: wagonjwa walipangwa kwa dalili, damu zikapimwa, ikaonekana nani kaachwa nje na nani kaingizwa bure. Matokeo yalitoka 1988. Hatimaye ukaongezwa mstari mmoja: mwenye kifua kikuu, kikohozi chake kisihesabiwe. Utingo wangu angeponea hapo.

Kwa hiyo waulize wakubwa wako, madaraja hayo ni ya kazi gani? Kama wa daraja la pili na wa la tatu wanasafishwa kidonda sawa, wanapewa dawa sawa, na baada ya miezi sita waliokatwa mguu ni wengi sawa pande zote, ya nini kuwatenganisha?

Halafu kuna kukubaliana. Manesi wawili waangalie kidonda kilekile bila kunong'onezana. Hapa ndipo watu hujidanganya, na mimi nilijidanganya mpaka mtakwimu mmoja aliponimwagia maharage mezani, miaka yangu ya mwisho kazini. Tuseme vidonda 100, na kila nesi anavyoviona, 90 ni vyepesi. Hata wakiwa wanabahatisha tu, kila mmoja akiita "chepesi" mara 90 katika 100, watapatana karibu vidonda 82: 81 kwa kuita vyepesi wote wawili, kimoja kwa kuita kizito. Sasa mkija kwenye kikao na kujisifu kwamba manesi wenu wamepatana 85, mmeizidi bahati nasibu kwa vitatu tu. Hesabu ya kuiondoa bahati inaitwa kapa, aliileta mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960: sifuri ni bahati tupu, moja ni kupatana kabisa. Kwenu hapo ingetoa kama 0.17. Hiyo ni aibu, mwanangu.

Wala msijaribie kwa wale mliotunga nao, mnaelewana hata kwa kukonyezana. Pelekeni fomu kituo cha afya cha daraja la tatu, huko umeme unakatika na nesi ni mmoja, ana kina mama wanaojifungua chumba cha pili. Kama daraja lenu linahitaji eksirei ya mfupa, yeye ataandika nini? Atakisia.

Nitumie picha ishirini za vidonda, pasiwe na sura wala jina la mtu. Mimi na Mama Hadija, ambaye naye alistaafu unesi, tutazipanga kila mmoja kwake. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho na hataki kusikia habari ya miwani. Mjumlisheni hivyo hivyo, manesi wa zamu ya usiku nao hawaoni vizuri zaidi yake.

Mama yako